Kikombe cha Nne

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakufika Goole.
Hapa huzolewa yote: ya kuoshea sufuria,
ya kukogea, ya chooni, ya mvua iliyopitia mitaroni,
ya harusi ya Jumamosi na ya msiba wa Jumatatu.
Huteremka gizani, bila haya wala jina,
hadi kwenye bwawa letu la saruji
nyuma ya reli, upande wa mto Ouse.

Mimi ndiye niyapokeaye, zamu ya usiku.
Kwenye barua za nyumbani huandika "idara ya maji".
Neno "taka" nimelibakiza huku.

Miaka yote tumeyatibu kwa chumvi ya chuma
iletwayo na lori lenye picha ya mkono unaoungua.
Inafanya kazi, sisemi haifanyi.
Lakini mabomba inayatafuna, na tope linalobaki
wakulima wa viazi siku hizi wanalitazama mara mbili.
Basi ofisi ya Leeds ikatuma magunia manne
ya unga wa hudhurungi, na karatasi: jaribuni.

Norman Thackray, miaka thelathini na mmoja kazini,
alilifungua la kwanza kwa kisu cha mkate,
akanusa, akasema: kakao.
Nami nikanusa. Nikakaa juu ya ndoo.

Yalikuwa magome ya miwati.

Ilikuwa Njombe, ukungu wa asubuhi, Baba na panga lake fupi
akilibandua gome tangu kisiginoni mwa mti kwenda juu,
likichanika kwa mlio wa shuka jipya;
akifunga mizigo, akingoja trekta la kiwanda,
akilipwa kwa kilo, na mizani ni ya kiwanda.
Viganja vyake vilikuwa vyeusi. Havikutakata kwa sabuni
wala kwa jivu wala kwa Krismasi.
Tulipomwosha mara ya mwisho vilikuwa bado vyeusi.
Dawa iliyotengeneza ngozi za viatu vya watu
ilikuwa imeanza na ya kwake.

"Vipi?" Norman akauliza.
Nikamwambia, si kakao.

Tukapanga vikombe sita vya kioo, tukatia maji ya bwawani.
Makasia madogo yakavuruga, mbio kwanza, kisha taratibu,
kama mtu aogopaye uji usishike.
Cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili na cha tatu, wingu tu.
Cha tano na cha sita tulizidisha, ikawa chai ya rangi;
Norman akaniuliza kama natumia sukari.
Cha nne
kilifikiri kwanza.
Halafu uchafu ukaanza kutafutana,
punje kwa punje, uzi kwa uzi,
ukashikana mabonge kama theluji ya barabarani,
ukazama bila kelele. Na juu yake
nikaona vidole vyangu upande wa pili wa kioo.

Tope lake tulilikamua. Likatoka kavu kuliko la chuma,
lenye harufu ya msitu ulionyeshewa, na chini yake
ile harufu nyingine, maana tusidanganyane.
Norman akalibana ngumini, likabaki na alama za vidole.
"Hili hata mke wangu angelipandia waridi."

Gunia limeandikwa: asili ya mimea.
Halisemi mmea wa wapi. Labda Brazili.
Labda kilima ambacho sitakiona kamwe.
Nililigeuza pande zote nikitafuta jina la mtu,
kama mjinga. Gunia ni gunia.

Saa kumi na moja alfajiri mji ukaamka.
Nikausikia kabla ya taa zake:
vyoo vikivutwa, mtaa kwa mtaa, mngurumo ukija chini ya lami.
Nikaandika daftarini: kikombe cha nne, kipimo, saa, baridi.

Norman alikuwa kwenye sinki, anasugua viganja kwa brashi,
anaviangalia, anasugua tena.
"Hii hutoka baada ya muda gani?"

Nikamwambia ukweli.